Ujima Katika Shamba la Namba

Katika maandishi mengi juu ya utamaduni wa taifa letu, ujima hutajwa pamoja na jembe, na nyumba inayoezekwa, na kisima kinachochimbwa. Ni nadra kutajwa pamoja na kalamu, na pamoja na hesabu hautajwi kabisa. Hesabu imezoeleka kuwa somo la mtu mmoja na karatasi yake, na amchunguliaye jirani huitwa mwizi. Hata hivyo, vijana wanaosomea shahada za hisabati na takwimu katika vyuo vikuu vyetu hupewa pia kazi za vikundi: watu wanne au watano, mradi mmoja, alama moja. Sisi hatukufika chuo kikuu. Elimu yetu ilikoma sekondari, riziki tumeipata katika ofisi za serikali, na faraja katika ushairi. Lakini jambo hili twaliona kuwa ni la utamaduni kabla ya kuwa la hesabu, na kwa hiyo twathubutu kulisema.

Katika msaragambo, kama Wapare waitavyo kazi ya pamoja, hapana haja ya msimamizi mkali. Kila mtu hupewa sehemu yake ya kulima, na jua likifika utosini sehemu iliyolimwa ni nyekundu na isiyolimwa ni ya majani. Mtegeaji huonekana na watoto, akatungiwa wimbo kabla pombe haijaletwa. Ujima wa wazee haukusimama kwa upendo peke yake. Ulisimama pia kwa sababu shamba halikubali kusema uongo. Shamba la namba si hivyo. Sehemu isiyolimwa yaweza kupakwa rangi nyekundu, na apitaye njiani asijue.

Hapo yafaa tutenge hisabati na takwimu, maana watu huzichanganya. Uthibitisho wa hisabati haugawanyiki vipande. Huwezi kumwambia Juma athibitishe mwanzo na Asha mwisho, halafu mkutane Ijumaa kuviunganisha kwa pini. Shairi nalo lina tabia hiyo: mshororo wa mizani 16 ukipungua mmoja, shairi zima lachechemea, wala hapana msomaji atakayeuliza ni nani kati yenu aliyeupunguza. Mwaka 1934 huko Ufaransa, walimu vijana wa vyuo vikuu, miongoni mwao André Weil na Henri Cartan waliokuwa wakifundisha Strasbourg, walichoshwa na kitabu kilichokuwa kikitumika, wakakutana na wenzao mjini Paris ili waandike kingine. Vitabu walivyovitoa walivitia jina la mtu asiyekuwako, Nicolas Bourbaki. Hawakugawana sura wakaagana. Mmoja aliandika rasimu, ikasomwa kwa sauti mstari kwa mstari mbele ya wote, wakaipinga na kuichambua bila huruma, kisha akapewa mwingine aiandike upya. Wala haikuchapwa mpaka wote wameridhia. Walijiwekea pia sharti kwamba afikishaye miaka 50 atoke kundini, sharti ambalo halikutupendeza sana tulipolisikia, kwa kuwa umri huo tumekwisha kuupita.

Takwimu hugawanyika, na ndiyo hatari yake. Mmoja hutunga hojaji, wengine huenda kuuliza, mwingine huingiza majibu katika kompyuta, mwingine huchora na kueleza. Miaka michache iliyopita binti wa kaka yetu, akiwa mwaka wa pili wa shahada hiyo, alikuja barazani kwetu na wenzake wanne, kwa kuwa vimbweta vya chuoni vilikuwa vimejaa. Mradi wao ulikuwa kupima muda ambao abiria huusubiri usafiri katika kituo kimoja cha daladala. Kila mmoja alitakiwa kuwahoji watu 40, jumla 200.

Binti ndiye aliyekuwa akiingiza majibu. Alipofika kwenye karatasi za kijana mmoja akasita. Mtu akiulizwa amesubiri muda gani, alitueleza, husema dakika 10, robo saa, nusu saa. Ni wachache wasemao dakika 13. Ndiyo sababu hata katika sensa umri unaoishia na 0 au 5 hujazana kupita kiasi. Majibu ya vikundi vingine yalikuwa yamelundikana hivyo. Ya kijana huyu yalikuwa 13, 17, 22, 26, yametawanyika vizuri mno, kama ya mtu aliyejitahidi yasifanane. Kijana akanyamaza, kisha akasema kwamba siku ile hakufika kituoni.

Hapo ukazuka ubishi ambao hatujausahau. Mmoja akasema, "Tumsitiri mwenzetu. Mwalimu hatajua, na alama ni yetu sote." Binti akajibu, "Abiria hawa arobaini hawapo. Nitawaandikaje?" Kisha akatugeukia: "Baba mdogo, wewe wasemaje?"

Yule aliyetaka kusitiri hakuwa mtu mbaya. Alisema neno alilolelewa nalo, nasi tumelelewa nalo. Tulijibu kwamba aibu ya ndugu husitiriwa, lakini karatasi zile hazikuwa aibu yake tena, kwa kuwa zilikuwa zikiingia katika wastani wa watu wote. Wakaziondoa. Taarifa yao ikawa ya abiria 160, na sababu ikaandikwa bila kutaja jina. Kijana alirudi kituoni jioni mbili, akawahoji watu wake 40. Lakini shule zilikuwa zimefungwa na foleni imepungua, hivyo majibu hayo wakayaweka katika jedwali la peke yake. Walipata alama gani hatukuuliza.

Sensa ya mwaka 2022 ilituambia kwamba Watanzania tulikuwa 61,741,120. Hapana mtu aliyewahesabu wote. Kila karani alihesabu kaya zake, na jumla ikajengwa kwa kuaminiana. Vijana wa barazani ndio watakaosimamia kazi za namna hiyo kesho, na huenda zahanati ikajengwa au isijengwe kwa karatasi iliyojazwa chini ya mwembe.

Kuaminiana huko huweza kusaidiwa. Prasanta Chandra Mahalanobis, aliyeanzisha taasisi ya takwimu ya India mjini Kolkata mwaka 1931, alipopima mashamba ya juti ya Bengal aligawa sampuli yake katika mafungu yaliyoingiliana katika eneo lile lile, na kila fungu akalipa kundi lake la wadadisi. Matokeo ya makundi yakalinganishwa. Yakitofautiana mno, ilijulikana kuwa pana kasoro katika kazi, kabla ya kumtuhumu mtu yeyote. Hata kidato cha tatu chaweza kujaribu: vikundi viwili, mtaa mmoja, hojaji ile ile, wasionyeshane majibu.

Kuhusu alama, tumewasikia wahadhiri wakitaka wanafunzi wapimane wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja aandike kwa siri ni nani aliyetegea. Njia hiyo hatuipendi; hufunza uchongezi, na mpole huumizwa na mwenye marafiki wengi. Twapendelea kura. Kikundi kiwasilishe kazi, halafu jina moja liokotwe katika kofia, na huyo aieleze ubaoni kazi nzima, pamoja na sehemu ambayo hakuiandika. Alama yake iwe ya wote. Atakayelalamika kwamba si haki watano kupimwa kwa mmoja aulizwe amesomea nini, ikiwa si kuwapima wengi kwa wachache waliopatikana kwa kura. Wahadhiri hulalamikia muda. Darasa la wanafunzi 300 lina vikundi 60 vya watu watano. Kwa dakika 10 kila kikundi, hizo ni saa 10, yaani asubuhi mbili na alasiri moja katika muhula mzima.