Kuvuka Darajani

Nilipoanza kazi ya kutembeza wageni Unguja, matembezi yetu yaliishia Darajani, ukingoni mwa Mji Mkongwe. Mgeni alishuka bandarini, akaona Forodhani, Ngome Kongwe na kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, halafu tukamwingiza katika maduka ya vinyago. Vinyago vyenyewe vingi vilitoka bara. Mwenye duka alitupa kamisheni, na kwa wengi wetu hiyo ndiyo iliyokuwa riziki.

Ng'ambo, mtaa ulio upande wa pili wa barabara ya Darajani, wanakoishi watu wengi wa mji huu nami nikiwamo, hakufika mtu. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika urithi wa dunia mwaka 2000. Lakini wafagiaji wake, wapishi wake na mafundi wake wengi jioni hurudi kulala Ng'ambo.

Siku moja mgeni akaniuliza kofia niliyovaa imeshonwa wapi. Nikampeleka kwa bibi wa mtaani kwetu, tukapiga hodi, nikamwamkia shikamoo. Alikuwa barazani na kitambaa cheupe mapajani, anatoboa vitobo vidogo kwa sindano na kuvizungushia uzi kimoja kimoja, mpaka ua likatokea. "Hii ni ya miezi, mwanangu," alisema. Mgeni alinunua kofia iliyokwisha kushonwa mkononi mwake, kwa bei aliyoitaja bibi mwenyewe. Mchuuzi aliyezoea kuchukua kofia kwake hakuwahi kumpa hata nusu ya bei ile.

Tangu hapo nimeigeuza kazi yangu. Nachukua wageni wachache, tunavuka kwa miguu, tunakula urojo kwa wapishi wa mtaani. Nawaonesha majumba ya Michenzani, yaliyojengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nawapa habari za Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyehamia Ng'ambo hii, na mwaka 1928 akaenda Bombay kuimba taarabu ya Kiswahili kwenye santuri. Wageni huduwaa, kwani kwenye vitabu vyao wamesoma habari za masultani tu.

Naamini kabisa utalii wa mji haufai kitu kama mwenye mji anabaki kupigwa picha. Kwa hiyo masharti wanaweka wenyeji: mabega yafunikwe, picha kwa ruhusa, pesa apewe mwenyewe. Bibi wa kofia sasa anafundisha wajukuu wake kushona, na ametuambia Ramadhani hataki mgeni mchana. Tumekubali. Mwezi ule tutakwenda baada ya tarawehe, akipenda.