Tulingoja Mwezi Delhi
Mwezi wa 10 tulimsindikiza mwenzetu Delhi, India, kumtibisha mtoto. Siku moja mama mwenye nyumba hakula wala kunywa maji tangu jua kuchomoza. Ilikuwa Karva Chauth, siku ya nne baada ya mwezi mpevu: wake hufunga ili waume zao waishi siku nyingi. Tarehe yake hubadilika kila mwaka, maana Wahindu huhesabu kwa mwezi wa angani.

Usiku tulipanda naye juu ya nyumba. Mwezi ulipotokea, aliutazama kupitia chekeche, kisha akamtazama mumewe, naye akamnywesha maji. Tukauliza, “Na mke anafungiwa na nani?” Akacheka: mumewe pia alikuwa hajala.

Kesho yake mtoto alipasuliwa. Siku hiyo tulifunga sisi, na yule mama akatungojea na chai. Mtoto anaendelea vizuri.