Mpe Muda Akuamini

Akina mama wenzangu, mwezi huu napenda tuzungumze juu ya ugonjwa ambao mara nyingi tunaukosea jina. Huku kwetu Kiwangwa, mtu akibadilika sauti ghafla, akajiita jina jingine, kisha baadaye akasema hakumbuki lolote, majibu huwa tayari: ana mashetani, ana kichaa, au anaigiza. Mmoja hupelekwa kwa mganga, mwingine huombewa mbele ya umati. Wachache sana hufikishwa kwa daktari.

Wataalamu wanautambua ugonjwa wa nafsi iliyogawanyika. Mara nyingi unahusishwa na mateso ya utotoni yaliyorudiwarudiwa, hasa yakifanywa na mtu aliyepaswa kumlinda mtoto. Mtoto hana pa kukimbilia, basi akili yake huyatenga yale mateso kana kwamba yamempata mtu mwingine. Akikua, sehemu hizo hubaki zimetengana. Moja inapika na kulea, nyingine inaogopa kama mtoto mdogo, nyingine ina hasira kali. Huenda akakuta khanga mpya sandukuni asikumbuke aliinunua lini. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeutaja ugonjwa huu peke yake, tofauti na kupandwa na pepo.

Tusidhani chanzo chake kiko mbali nasi. Utafiti uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao hawapati ugonjwa huu, lakini wote wamebeba jeraha.

Namfahamu mama mmoja, mke wa mtu na mzazi wa watoto wawili. Jina lake na kijiji chake navihifadhi. Aliwahi kufungua moyo wake katika kikundi cha maombi, na kabla ya Jumapili iliyofuata habari zake zilikuwa zimefika kisimani na kwenye mashine ya kusaga. Tangu siku hiyo alifunga mdomo. Hali ilipozidi, ndugu wa mume wakaanza kusema watoto waondolewe mikononi mwake. Hapo ndipo mumewe alipokubali aende hospitali, nami nikaombwa kumsindikiza Dar es Salaam.

Daktari alimpima kwanza kifafa, maana nacho huweza kumfanya mtu apotewe na fahamu na kumbukumbu. Kisha akamweleza wazi kwamba hakuna kidonge cha kuunganisha nafsi. Dawa husaidia usingizi na huzuni, lakini tiba yenyewe ni mazungumzo, na huchukua miaka. Mwaka 1992 daktari Judith Herman wa Marekani aliandika kwamba tiba ya namna hii huanza kwa usalama, ndipo huja kukumbuka na kuomboleza, na mwisho ni kurudi katika maisha na watu. Tukiharakisha kuchimba ya zamani, tunatonesha kidonda.

Kwa mtu aliyesalitiwa utotoni, kumwamini mtu ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Majuma ya kwanza hakusema karibu lolote. Mshauri wake, mama mtu mzima, hakumlazimisha. Alimwacha achague kiti, naye akachagua kilicho karibu na mlango. Alimwambia mapema siri zake zitatunzwa, isipokuwa pale uhai wake au wa mtoto ungekuwa hatarini. Siku na saa hazikubadilika, na mshauri alipokuwa na safari alimwarifu kabla. Mama yule alimjaribu: mara mbili hakwenda, mara moja alitukana. Aliporudi alikuta mlango ule ule na sauti ile ile.

Siku moja tukiwa kwenye basi la kurudi Bagamoyo, yeye ambaye siku zote huniambia "Habari za leo, dada," aliniangalia kwa macho ya woga, akasema kwa sauti nyembamba, "Shikamoo, mama." Niliitika, "Marahaba, mwanangu. Tunakwenda nyumbani, hakuna wa kukudhuru." Sikumuuliza yeye ni nani. Mshauri alikuwa ametufundisha kwamba kila sehemu ipokewe kwa heshima, hata ile yenye hasira, kwa sababu kila moja ilizaliwa ili kumlinda mtoto. Ukiifukuza moja, zote zinajificha.

Sasa ni mwaka wa tatu. Hajapona kabisa, lakini watoto wako nyumbani, naye anapotaka kuondoka katikati ya mazungumzo husema badala ya kukimbia. Majuzi, mshauri aliniambia kwa ruhusa yake, alihamisha kiti chake mbali kidogo na mlango.

Dada mpendwa, ukiwa na jirani wa namna hii, usimdadisi yaliyompata. Usiahidi usichoweza kutimiza. Ukisema utafika Alhamisi, fika Alhamisi. Usimguse bila kumwuliza. Usimtanie mbele ya watu kwamba leo ni nani. Mwombee, lakini usitangaze haja yake pasipo idhini. Mpeleke kwenye kituo cha afya aandikiwe rufaa ya kwenda kwa daktari wa magonjwa ya akili. Maombi na hospitali havigombani. Akisema anataka kujiua, usimwache peke yake, toa taarifa mara moja. Na ukijua mtoto anayeteswa leo, usingoje akue: piga simu namba 116, ni ya bure.

Sisi wanawake tunajua kutunza akiba ya kikundi hata senti isipotee. Siri ya mwenzetu nayo ni amana. Ikipotea, mgonjwa anaweza kufunga mdomo miaka mingi.