Tusingoje Saa ya Kukata Roho

Hapa kwetu Miti wapo jamaa wanaoogopa kumwita padri kwa mgonjwa, wakidhani mafuta matakatifu huleta kifo. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kusema mwaka 1963 kwamba sakramenti hii si ya wanaokata roho peke yao, na kwamba yafaa zaidi iitwe Mpako wa Wagonjwa.

Nalimwuguza mama mzee mwenye saratani, nyumbani kwake kati ya migomba. Maumivu yalimzuia hata kusali rozari. Mwanawe mkubwa aliikataa dawa kali. “Je, si dhambi kumlegeza mama hivi?” Nikamjibu kwamba madaktari walimwuliza Papa Pio wa Kumi na Mbili neno hilo hilo mwaka 1957, naye akasema ni halali kutuliza maumivu, hata ikiwa dawa yaweza kufupisha maisha, maadamu kuua siyo nia. Huko Uganda, Daktari Anne Merriman, aliyekuwa mtawa zamani, alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, na wagonjwa wakanywa morfini ya maji majumbani mwao.

Mwana akakubali. Tena akajifunza kumgeuza mama kila baada ya saa mbili, na kumlowesha midomo kwa kitambaa safi (kazi ambayo wanaume wengi huwaachia dada zao). Padri alifika mama akiwa angali na akili timamu. Akaungama, akapakwa mafuta. Kisha akamwagiza mkwewe siku ya kuvuna maharagwe.