Kambi ya Wakata Miti Juu ya Meza

Mtu atazamaye kitu kikubwa huona ukubwa wake tu. Atakaye kukijua hana budi kukifanya kidogo. Mlima huingia katika ramani, na mji mzima huweza kuwekwa juu ya meza. Ndiyo maana, msomaji, nataka kukueleza habari ya kazi ambayo wengi huiita mchezo wa watoto: kujenga kwa mfano mdogo nyumba za kambi ya wakata miti pamoja na reli yake.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika chuo cha ualimu. Wanafunzi wa Kenya wamezoea kulinganisha misitu ya nchi yao na ile ya Kanada. Majina ya miti huyakariri vizuri, lakini ukiwauliza mkata miti wa British Columbia alilala wapi, hunyamaza. Kwa hiyo mimi na wanachuo wangu tulikata shauri kujenga kambi moja, kama zilivyokuwa kambi za pwani ya magharibi ya Kanada na Marekani katika miaka ya 1920.

Kambi hizo hazikujengwa zidumu. Miti ilipokwisha mahali pamoja, kambi ilihama. Baadhi ya nyumba zilisimama juu ya magogo mawili yaliyochongwa ncha, zikaburutwa. Nyingine zilikuwa na upana wa kutosha kupakiwa juu ya behewa. Palikuwa na mabweni, jiko na ukumbi wa kulia, ofisi, karakana ya mhunzi, tangi la maji, na kibanda cha mnoaji misumeno, mtu aliyeheshimiwa sana, maana msumeno butu ni njaa ya kambi nzima. Reli nayo ilikuwa ya muda, yenye kona kali na miinuko mikali. Gari moshi lililoiweza lilibuniwa na Ephraim Shay, mkata miti wa Michigan, aliyepata hataza yake mwaka 1881. Mitambo yake ilisimama wima ubavuni, na nguvu zilipita katika mtaimbo na magurudumu ya meno hata zikafika kwa kila gurudumu. Lilikwenda polepole, lakini lilipanda. Magari zaidi ya 2,700 ya namna hiyo yaliundwa hadi mwaka 1945.

Njia za kupata nyumba za mfano ni mbili. Ya kwanza ni kununua: katika nchi za ng'ambo huuzwa vipande vya mbao au plastiki vilivyokatwa tayari kwa mashine, kazi ya mnunuzi ikawa kugandisha tu. Mwanachuo mmoja alitaka tuchange fedha tuagize, akisema kuwa kitu cha mkono wetu kitatuaibisha. Nilimjibu kwamba mwalimu atakayepelekwa shule isiyo na fedha atakuwa na mikono yake tu, na heri aijue mapema. Tukashika njia ya pili.

Jambo la kwanza katika njia hiyo ni kipimo. Tulichagua kipimo cha 1 kwa 87, kinachopendwa sana na wajenzi wa reli ndogo. Hapo mtu wa sentimita 174 huwa na kimo cha sentimita 2, na mlango wa mita 2 huwa milimita 23. Kijiti cha kiberiti chenye unene wa milimita 2 huwa ubao wa sentimita 17. Jambo la pili ni ushahidi. Darius Kinsey alipiga picha za kambi na wakata miti wa jimbo la Washington kwa miaka mingi, na mkewe Tabitha akazisafisha. Katika picha za namna hiyo, mtu asimamaye mlangoni ni rula: ukijua kimo chake kwa makisio mema, utajua kimo cha ukuta.

Kuta tulizifanya kwa kadibodi na vijiti vya kiberiti, na mapaa kwa msasa mweusi uliofanana na karatasi ya lami. Wino uliozimuliwa kwa spiriti uliupa ubao mpya rangi ya kijivu ya miaka mingi ya mvua. Majani ya chai yaliyokaushwa yakawa sakafu ya msitu.

Ndipo ubishi ulipozuka. Mwanachuo mmoja alikata vijiti vifupi vifupi, akavipanda kandokando ya reli: visiki. Wenziwe walilalamika kuwa vinaharibu uzuri. Akasema kambi isiyo na visiki ni uongo, kwa sababu nyumba zile hazikuwa na magurudumu kwa mapambo. Zilihama kwa kuwa msitu uliisha. Nilidhani amemaliza maneno. Lakini kijana mwingine, mzaliwa wa mji mmoja karibu na msitu wa Mau, alikuwa akijenga bweni kimya. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha mbao, na mwaka 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mshahara ulikatika. Ndani ya bweni lake, pasipoonekana ila ukiinua paa, alipanga vitanda, na juu ya kila kitanda blanketi la kitambaa. Alisema, "Mwalimu, watu huona visiki, hawaoni vitanda."

Hakuna aliyemshinda mwenziwe, wala sikuwaamua. Visiki vilibaki, na paa tuliliacha bila gundi.

Reli ya magogo ya kisiwa cha Vancouver, iliyodumu kuliko nyingi za aina yake, ilifungwa mwaka 2017. Magogo sasa hubebwa na malori. Lakini swali la kambi halikufungwa pamoja na reli: msitu hauwezi kusema, na mfanyakazi mara nyingi haulizwi. Basi, msomaji, ukiweza, tafuta kadibodi na wembe, ujenge mahali unapopajua, liwe soko, bandari au machimbo ya mawe. Pima kwa haki. Usiache kisiki kwa kuwa kinachukiza, wala kitanda kwa kuwa kimefichika. Mkono ulazimishwao kutengeneza kila kitu humfundisha jicho kutoruka kitu.