Rili ya Mpwa Wangu

Kama hujawahi kumnunulia mtoto wa miaka kumi rili ya kuvulia samaki ufukweni, utadhani ni jambo la kuingia dukani, kulipa na kutoka. Rili ni kile kigurudumu kinachofungwa kwenye fimbo ya kuvulia, cha kukunjia na kukunjulia mshipi. Wavuvi wengi wa kwetu Pangani hawana haja nacho. Mshipi wao wanauzungushia kibao au chupa tupu, wanafunga ndoana na chubwi, basi, kazi inaendelea. Hata mimi nilikua hivyohivyo. Lakini mwaka jana dada yangu alifungua pindo la khanga, akanihesabia shilingi elfu hamsini, akasema, "Kamtafutie huyu mtoto kitu kitakachopeleka ndoana mbali, yeye mwenyewe abaki mchangani."

Hayakuwa maneno ya mchezo. Shemeji yangu, baba wa mtoto huyo, alitoka na ngalawa msimu wa kusi. Ngalawa ilirudi, yeye hakurudi. Mtoto alikuwa na miaka sita. Tangu hapo dada hataki kusikia habari ya chombo, na mtoto hataki kusikia habari nyingine yoyote. Mwisho wakapatana: avue, ila ufukweni tu.

Sasa ufukwe wetu uko kwenye mlango wa mto. Maji yakianza kupwa, hasa siku za bamvua, mto Pangani unasukuma kwenda nje kwa nguvu ambayo hata mtu mzima haifanyii mzaha. Na samaki wako hukohuko nje, pale maji ya mto yenye rangi ya chai ya maziwa yanapokutana na ya bahari: chaa, hongwe, na siku ya bahati kolekole. Mtoto anarusha mshipi wa mkono, haufiki. Anaingia maji ya magoti, haufiki. Anaingia maji ya kiuno. Siku moja nilimkuta yamemfika kifuani, chambo kakiuma kwa meno ili mikono iwe huru. "Shikamoo mjomba," ananiambia, "hapa ndiyo pazuri." Pazuri! Nilimtoa kwa sikio.

Ndiyo maana suala la uimara wa hiyo rili lilininyima usingizi. Rili ikifa baada ya miezi miwili, hasara si ile elfu hamsini peke yake. Mtoto atarudi kwenye mshipi wa mkono, na mshipi wa mkono utamrudisha majini.

Mimi ni fundi baiskeli. Chumvi naijua kwa kazi yake. Baiskeli ya mtu anayebeba samaki toka ufukweni ukiifungua kitovu cha gurudumu unakuta gololi zimekuwa kama mbegu za papai zilizokauka, na grisi imegeuka tope. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Maji hukauka, chumvi hubaki, kisha unyevu wa usiku unaiamsha tena inaendelea kula chuma. Mchanga nao unasaga. Rili ina gia, ina gololi, ina ekseli. Ni baiskeli ndogo ndani ya boksi. Ukizungusha mkono wake mara moja, kichwa kinazunguka kama mara tano, sawa na baiskeli yenye sahani kubwa mbele na meno machache nyuma. Tofauti ni kwamba baiskeli haitumbukizwi baharini na mtoto wa darasa la nne.

Nikapanda basi kwenda Tanga, nikaingia duka moja la zana za uvuvi. Mpwa wangu nilikuwa naye. Afadhali nisingekuwa naye, maana macho yake yalitua palepale kwenye rili moja ya rangi ya dhahabu, inang'aa kama bangili ya bibi harusi. Juu ya boksi imeandikwa kwamba ina beringi kumi na tatu. Muuzaji akaiita mashine ya kisasa. Ilikuwa laini kweli. Ukiigusa tu inazunguka. Lakini mimi nikisikia beringi kumi na tatu nasikia milango kumi na mitatu ya kutu. Kwa bei ile haziwezi kuwa beringi za chuma kisichoshika kutu zote. Kwa mvuvi wa ziwani sawa. Kwa mtoto wa ufukweni, beringi nne nzuri zinatosha na kubaki.

Ya pili ilikuwa ya watoto hasa, ya plastiki, imefunikwa kichwa kama sufuria, ina kitufe cha kubonyeza. Rahisi kutumia, sikatai. Ila kile kifuniko kinaficha chumvi na mchanga ndani, usione kitu hadi siku itakapogoma.

Ya tatu ilikuwa imekaa nyuma, mtumba, nyeusi, nzito kidogo, namba 4000 ubavuni. Hapa ndipo nilipoanza kazi yangu. Mwili wake ulikuwa wa grafaiti, ambayo haishiki kutu. Za alumini si mbaya, lakini rangi ikichubuka chumvi inaingia, utaona unga mweupe. Na skurubu za chuma zikikaa ndani ya alumini na maji ya bahari katikati, alumini huliwa hadi skurubu isitoke tena. Nikafumba macho nikazungusha mkono polepole, nikisikiliza. Gia iliyoumia hukwaruza, huhitaji kuiona. Nikafungua na kufunga kile kiwaya cha nusu duara mara ishirini. Nikaangalia kigurudumu kidogo ambacho mshipi hupitia juu yake, kama kinazunguka. Kikiganda, mshipi unakikata mfereji na mfereji nao unaukata mshipi. Nikavuta mshipi kwa mkono kujaribu breki: ilitoa taratibu, bila kushtuka. Breki ya kushtuka ndiyo inayokata mshipi samaki mkubwa anapokimbia, na kwa mtoto kuna lingine, asivutwe yeye.

"Kaka," muuzaji akasema, "wewe unanunua rili au unaposa?"

"Naomba bisibisi," nikamjibu.

Akacheka, lakini akanipa. Ilifunguka ubavuni kwa skurubu chache tu. Ndani gia za shaba nyeusi, grisi ya zamani, hakuna kutu. Na mkono wake ukawa unahamishika kushoto au kulia. Mpwa wangu ni wa mashoto, na hilo hakuna aliyelifikiria hadi dakika ile. Elfu arobaini na mbili tukaafikiana.

Mtoto alinuna hadi Pangani. Sikumlaumu. Nani apendaye chombo cheusi kilichochoka akiwa na miaka kumi?

Kule Queensland, Australia, Charles Alvey alianza kutengeneza rili mwaka 1920. Rili zake maarufu za ufukweni hugeuzwa ubavu wakati wa kurusha, mshipi ukafumuka, kisha hurudishwa kwa kukunja. Ni gurudumu na mhimili, karibu hakuna kingine. Nilipoiona picha yake nilicheka: hiki si kibao chetu cha mshipi kilichotiwa mkono? Tanga sikuiona, ningeinunua.

Jioni ile nilimfundisha kabla hajaifikisha baharini. Rili hailazwi mchangani kamwe. Nilimkatia kipande cha bomba la plastiki akichomeke chini, asimamishe fimbo humo. Fimbo tulikuwa nayo, ya faiba, aliiacha mgeni kwenye nyumba ya wageni anakofua dada. Ukirudi, kaza breki ili maji yasiingie kwenye washa zake, mwagia maji kidogo kidogo, usiitumbukize kwenye ndoo, ifute, kisha legeza breki ilale. Tone la mafuta kwenye kigurudumu cha mshipi. Kila baada ya miezi michache aniletee tuifungue wote. Alipoona gia zinavyoshikana, ile dhahabu akaisahau.

Dada alitaka ushahidi. Kesho yake, maji yakiwa yamekupwa, tulisimama mchanga mkavu. Mtoto akarusha kwanza mshipi wa mkono. Dada akapima kwa hatua zake mwenyewe, khanga kiunoni: kumi na tisa. Kisha akarusha kwa rili, chubwi tu bila ndoana. Dada akaenda, akaenda, akafika arobaini na nne. Akasimama pale chubwi lilipolala, akatutazama kwa mbali bila kusema neno.

Tatizo likabaki maji ya kuoshea. Kisima chetu kina chumvichumvi, ukioshea hayo hujaosha. Ya bomba tunanunua kwa dumu. Nilikuwa nawaza nimwambieje, lakini usiku dada akaburuta pipa la maji ya mvua, lile la kupikia maharage, akalisogeza karibu na mlango wa nyuma. Akaweka kopo juu ya kifuniko. "Hili asiguse mtu," akasema. "La rili."