Mara Ngapi?

Wengi wetu tunaojifunza Kiingereza huku Bukavu tunakifikia kupitia Kifaransa. Kifaransa husema "il arrive toujours en retard", kitenzi kwanza, kielezi nyuma yake. Ndiyo sababu madaftari mengi yana "he arrives always late". Kiingereza hutanguliza kielezi: "he always arrives late", lakini kitenzi kikiwa "be", kielezi hukaa baada yake: "he is always late". Kanuni hiyo haichukui muda kuishika.

Kwangu mimi, kazi ngumu ni kuchagua kielezi chenyewe. Neno "toujours" lina maana zaidi ya moja. "Il habite toujours à Goma" mara nyingi ni "he still lives in Goma": bado anakaa huko. Ukiandika "always", umesema jambo jingine.

Nacho Kiswahili chetu cha nyumbani kina "-aka". Tukisema "anachelewaka", kila mtu anaelewa. Kiswahili sanifu kitasema "huchelewa". Yote mawili yanataja mazoea bila kuyahesabu. Sasa tafsiri neno hilo katika ripoti kuhusu mfanyakazi. Je, ni "sometimes", "often" au "always"? La kwanza huenda likamletea onyo tu. La mwisho linaweza kumwachisha kazi, ingawa msemaji hakutaja hesabu yoyote.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kielezi kikae wapi, mimi humuuliza msemaji: mara ngapi?